Kioo kilekile kimepasuka mara ya tatu

Swali: "Habari za kazi, fundi. Niko Tororo, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Madirisha ni ya chuma, yale ya zamani yenye vioo vidogovidogo, isipokuwa la jikoni ambalo ni la mbao. Kioo cha chini kwenye dirisha la sebuleni kimepasuka mara tatu ndani ya miaka miwili, na naapa hakuna mtoto aliyekirushia mpira. Fundi wa mwisho alizungushia silikoni, lakini mvua ikija na upepo maji bado yanaingia mpaka kwenye zulia. Dirisha la chumba cha watoto halifungiki vizuri. La jikoni, ukibonyeza mbao ya chini kidole kinazama. Sasa fundi mwingine anasema ning'oe yote niweke ya alumini ya kusukuma. Pesa ya yote sina. Nifanye nini?"

Dada yangu, kuhusu mpira nakuamini. Kioo kilichopigwa hukiri chenyewe: pana kitovu pale kitu kilipogonga, na nyufa zinatawanyika kutoka hapo kama miguu ya buibui. Chako kitazame kabla hakijatolewa. Nadhani utakuta ufa mmoja mrefu ulioanzia ukingoni, pengine kona ya chini, ukapanda kwa kupinda mpaka ukingo mwingine, bila alama ya pigo popote. Kama ndivyo, kioo hicho hakikupigwa. Kilibanwa mpaka kikashindwa.

Anayekibana ni kutu. Watu hudhani chuma kikiliwa na kutu kinapungua tu, kama sabuni bafuni. Kumbe ile kutu yenyewe inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo. Umewahi kuona nguzo ya zege iliyopasuka, nondo zikachungulia? Ni nguvu hiyohiyo. Kwenye dirisha lako kioo kimekaa kwenye pembe ya chuma, na kati ya ukingo wake na chuma pana nafasi ya milimita moja au mbili, basi. Kutu ikivimba pale chini haina pa kwenda isipokuwa kwenye kioo, na kioo hakijui kupinda. Mafundi wamekubadilishia kioo na hakuna aliyegusa kutu. Kila kioo kipya kimelazwa kwenye kitanda kilekile cha miba.

Siwacheki, maana nilifanya kosa hilo mimi mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo pale Jinja nilipewa kazi ya vioo katika shule moja ya zamani, nikilipwa kwa idadi ya vioo. Puti, ule udongo wa kukanda unaoziba kioo kwenye fremu, iliyokubali kutoka niliikwangua, palipokuwa na kutu ngumu nikapita juu yake, nikaweka kioo, nikalainisha puti mpya mpaka ikang'aa. Kazi ilipendeza. Msimu wa pili wa mvua nikaitwa. Vioo kumi na kimoja vilikuwa vimepasuka, vyote vya upande unaopigwa na mvua. Upande wa pili wa jengo hakikuwa kimepasuka hata kimoja, na mikono iliyoviweka ilikuwa hii hii. Nilivirudia kwa pesa yangu.

Na wewe uko Tororo, mji wa mashariki mwa Uganda ambao mbingu yake haina adabu. Rekodi za hali ya hewa za mwaka 1967 hadi 1976 ziliupa mji wenu wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu ambayo miji michache sana duniani inaifikia. Mvua ya ngurumo haishuki wima kama maji ya bomba. Inakuja na upepo, inapiga dirisha usoni, maji yanateremka juu ya kioo mpaka chini, na pale puti ilipokauka na kuachana na kioo, hata kwa unene wa unywele, yanafyonzwa ndani. Kuingia ni rahisi, kutoka ni kazi. Yanakaa pale chini, chumani, siku baada ya siku. Ndiyo maana kinachopasuka kwako ni kioo cha chini na si cha juu.

Sasa ile silikoni. Sina ugomvi nayo, bafuni naitumia. Lakini kuipaka juu ya puti iliyokufa na kutu hai ni kumfunga mgonjwa bendeji bila kusafisha kidonda: maji yanapata tundu la kuingilia mahali fulani, halafu yanafungiwa humo. Tena jiulize ilinukaje siku ile ilipopakwa. Kama ilinuka siki, ni ile aina inayotoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula chuma kitupu. Mtu akisisitiza silikoni kwenye chuma au karibu na saruji, aulize dukani aina isiyo na asidi. Na kuna hili moja ambalo litakutesa wewe: rangi haishiki juu ya silikoni, wala puti. Kwa hiyo kazi yako itaanza kwa kuiondoa yote, mpaka ule utelezi wa mwisho, kwa wembe na kitambaa chenye tina, ile ya kupunguzia rangi.

Subiri kiangazi. Desemba mpaka Februari ndio wakati mzuri, puti na rangi zikauke bila kulowa. Kama mvua iko njiani leo usiku, bandika utepe mpana wa plastiki wenye gundi pande zote mbili za kioo kilichopasuka kisianguke, kisha funika kwa nje na kavera nzito, yaani plastiki, uibane na vipande vya mbao juu na pembeni, chini uiache ining'inie maji yateremke nje ya ukuta. Boksi la karatasi usiweke. Linafyonza maji na kuyalaza kwenye fremu, na usiku mmoja wa mvua linakuwa uji.

Siku ya kazi watoto wapelekwe kwa shangazi. Sisemi hivyo kwa sababu ya vioo tu. Rangi za zamani, hasa kwenye nyumba za umri wa hiyo yenu, huenda zina madini ya risasi ndani yake, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata kwa vumbi kidogo. Usipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Moto pia usitumie kulainisha rangi au puti: ule moshi ni mbaya, na joto litapasua kioo cha jirani ambacho hakikuwa na kosa. Vaa viatu vya kufunika vidole, glavu nene na miwani. Puti kuukuu ikigongwa na patasi inaruka kama jiwe, na huwa ni jiwe kweli.

Toa kioo kwa kuanzia juu, kipande kwa kipande, ukivuta kuelekea kwako kidogo kidogo, na ndoo iwe karibu. Kisha patasi kuukuu na nyundo ndogo, utoe puti yote mpaka chuma kionekane pande nne. Utakutana na vipini vidogo vya waya vilivyoingia kwenye matundu ya fremu. Usivitupe! Hivyo ndivyo vinavyoshika kioo. Puti inaziba tu. Mafundi wengi wa siku hizi hawavijui, wanavirusha pamoja na takataka, halafu wanategemea puti ibebe mzigo usio wake.

Hapo sasa ndipo pa kutumia nusu siku, na ndipo fundi anapoharakisha ili awahi kwingine. Kaa naye. Kutu iliyo katika magamba igongwe itoke, halafu brashi ya waya, halafu msasa wa chuma uliolowa, mpaka pembe yote ya chini ing'ae kijivu. Pitisha kidole na glavu: ukisikia uvimbe, bado. Ukikuta chuma kimeliwa mpaka pana tundu, aitwe fundi wa kuchomelea aweke kiraka, ila vioo vya jirani vitolewe kwanza au vifunikwe na gunia lililolowa. Joto la kuchomelea linapasua kioo, na cheche za grainda hufanya uharibifu wa kimyakimya: zinajichoma kwenye uso wa kioo na kubaki humo. Umeona madirisha yenye vidoa vya kahawia visivyotoka hata kwa sabuni, mara tu baada ya watu kuweka vyuma vya wezi? Ni cheche zile. Hakuna dawa, labda kioo kipya.

Chuma kikishang'aa, futa kwa tina na upake red oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Usilale nacho kitupu. Hewa yetu ya unyevu inaanzisha kutu mpya kabla ya asubuhi, nyekundu laini kama unga wa pilipili, na ukipaka juu yake umerudi ulikotoka. Mikono miwili ya red oksaidi, ya pili siku inayofuata, na hakikisha brashi imeingia kwenye kona ya ndani ambako kioo kitakaa. Mtu akipaka sehemu inayoonekana tu, amepamba dirisha, hajalitibu.

Vipimo. Usipime mara moja. Pima upana juu, katikati na chini; pima urefu kushoto, katikati na kulia; chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha toa milimita 4. Tuseme upana umekuja 402, 400 na 399: agiza 395. Hizo milimita mbili kila upande ndiyo pumzi ya kioo. Chuma kinatanuka juani, na fundi anayejisifu kwamba kioo chake "kimeingia kwa kubana" amekutengenezea ufa mwingine. Pima pia kutoka kona hadi kona, mara mbili. Vipimo viwili vikitofautiana sana, fremu imepinda, na hapo kata boksi la karatasi mpaka likae vizuri ndani ya fremu, ulipeleke dukani kama kielelezo. Na andika milimita kwenye karatasi. Duka lingine linahesabu kwa futi za mraba, lingine kwa sentimita, na katikati ya lugha hizo mbili vioo vingi vimekatwa vibaya.

Agiza kioo cha milimita 4. Cha 3 ni rahisi na kwa kidirisha kidogo kinatosha, lakini kwa upande wa mvua na upepo mimi siweki. Uzito ni kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kidirisha chako cha sebuleni hakitafika hata kilo 3. Kibebwe kikiwa kimesimama, kamwe kisilazwe, kimefungwa kwa gazeti na blanketi. Najua tunabeba vioo kwenye boda boda, nimebeba pia, abiria amekumbatia kioo kama mtoto na kila shimo la barabarani ni sala. Kwa kioo kimoja kidogo sawa. Kwa sita, kodi gari. Choo na bafu, kama mna kioo chenye maua maua, upande wenye mikwaruzo uangalie ndani na upande laini nje, mvua iusafishe na puti ishike. Na kioo chochote kilicho chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni, mahali watoto wanapokimbia, kiwe cha usalama, ama cha tabaka mbili zilizogandishwa ama kile kilichopashwa moto mkali kiwandani kikapozwa ghafla. Hicho cha pili hakikatwi tena baada ya kutengenezwa, hivyo kipimo kiwe sahihi tangu mwanzo.

Puti pia ina aina zake. Ile ya asili, ya chaki na mafuta ya kitani, ni ya mbao: ubao unafyonza mafuta kidogo na puti inakauka. Chuma hakifyonzi kitu, kwa hiyo uliza puti ya madirisha ya chuma, ambayo imeongezwa dawa ya kuikausha. Ukiweka ya mbao kwenye chuma inabaki laini kwa muda mrefu, na ndege wataidonoa. Ikande mikononi kama unga wa chapati mpaka iache kunata. Halafu anza na kile kinachosahaulika kuliko vyote: tandiko. Kabla kioo hakijaingia, bonyeza puti kuzunguka pembe nzima ya ndani, unene wa milimita 3 hivi. Chini weka vipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja karibu na kila kona, kioo kikae juu yake kisiguse chuma. Mimi huvikata kwenye jerikeni kuukuu. Kisha simamisha kioo, ukibonyeze pembeni pembeni, usikibonyeze katikati, mpaka puti ichomoze kwa ndani. Ikichomoza kote bila pengo ujue maji hayana njia. Rudisha vile vipini vya waya. Kama dirisha ni la mbao, tumia misumari midogo isiyo na vichwa, upigie patasi ukiiteleza juu ya kioo badala ya nyundo.

Mwisho puti ya nje. Viringisha kama kidole, ipange, halafu kisu kimoja, mkono mmoja, kutoka kona hadi kona bila kusimama. Iteremke kwa mshazari ili maji yateleze nje, na ukingo wake wa juu usizidi ukingo wa fremu unaouona ukiwa ndani. Ile iliyochomoza ndani ikate na kisu. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni: mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje au vitie kwenye maji.

Acha puti ishike ngozi, siku kumi hivi au hata wiki mbili, kisha paka rangi. Hapa kuna siri ndogo. Watu wenye mkono msafi hupaka rangi mpaka mwisho wa puti, kioo kikabaki bila doa. Wamekosea. Rangi ivuke puti na kupanda juu ya kioo kwa milimita 2 au 3, pande zote. Ule mstari mwembamba ndio unaoziba ufa kati ya puti na kioo, yaani ule mlango tuliousema wa maji. Ukiuona umeanza kubanduka baada ya miaka kadhaa, paka tena siku hiyohiyo.

Bado zulia. Kabla hujalaumu kioo peke yake, toka nje uangalie kizingiti cha chini cha dirisha. Kinateremka kwenda nje, au fundi wa plasta alikilaza kikateremkia ndani? Mwaga kikombe cha maji juu yake uone yanakwenda wapi. Angalia pia chini ya ukingo wake kwa nje kama kuna mfereji mwembamba. Huo unayafanya maji yadondoke badala ya kurudi kutambaa ukutani. Halafu mwambie mtu amwage maji taratibu kwa kopo juu ya dirisha, aanze chini, apande kidogo kidogo, wewe ukiwa ndani na tochi. Pale yanapotokea kwanza ndipo tundu lilipo, na mara nyingi linakuwa kati ya fremu na plasta. Hapo, na hapo tu, ile silikoni isiyo na asidi inafaa, baada ya kusafisha.

La watoto sidhani kama limepinda. Nyumba za zamani zimepakwa rangi mara saba, mara nane, na kila mkono unaongeza unene mahali bawa la dirisha linapokutana na fremu. Mwishowe linafunga juu ya rangi badala ya chuma. Kwangua rangi yote sehemu hizo mbili zinapogusana, kwa maji kama nilivyosema. Bawaba zitiwe mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, zilale usiku kucha, asubuhi uzitingishe polepole. Yeyote atakayekuja na nyundo kubwa mrudishe getini.

La jikoni sasa. Chukua bisibisi uchome ubao wa chini kila baada ya sentimita tano. Panapozama bila kelele pameoza. Panapogoma ni pazima. Angalia pia kama kuna njia za udongo ukutani, maana mchwa anakula ndani na kuacha rangi ya nje imesimama kama pazia. Mchwa ukiuona, tibu ukuta na ardhi kabla ya dirisha, la sivyo utamwandalia chakula kipya. Kama ni kuoza tu mwishoni, huhitaji dirisha zima: seremala akate mpaka ubao mzima kwa mshazari, aunge kipande kipya kwa gundi isiyoogopa maji na skrubu. Sipendi ile tabia ya kujaza tundu na saruji au fila ya magari. Saruji inashika unyevu, na ubao uliobaki unaendelea kuoza kimya. Ukipata mvule, hata kipande kilichotoka kwenye mlango wa zamani, shukuru Mungu. Mchwa anauogopa na maji hauyajali sana. Mkaratusi, yaani kalitusi yetu, ni wa nguzo na jukwaa, kwa dirisha unajipinda. Msonobari unakubalika kama umetiwa dawa ipasavyo na umekauka. Watu hupaka oili chafu ya gari dhidi ya mchwa. Inasaidia kidogo, lakini inanuka jikoni na hakuna rangi itakayoshika juu yake, basi iache kwa nguzo za uzio. Kabla ya puti, ubao upakwe rangi ya kwanza hata kwenye pembe ya kioo. Ubao mkavu unanyonya mafuta yote ya puti, inabaki chaki tupu, inadondoka mwaka ujao.

Kuhusu alumini, huyo fundi hakudanganyi kabisa. Hailiwi na kutu kama chuma na haidai rangi. Lakini hakukwambia mambo matatu. Fremu zenu za zamani zina miguu ya chuma iliyojengewa ndani ya ukuta. Kuzing'oa ni kuvunja plasta ndani na nje, na gharama ya kuziba na kupaka rangi upya haimo kwenye bei aliyokutajia, nenda umuulize. Dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu, wakati haya yako yanafunguka yote, na kwa joto la Februari utalikumbuka. Na reli yake ya chini ina vitundu vya kutolea maji; vikiziba vumbi, au fundi akiviziba na silikoni (nimeviona vingi), mvua ya ngurumo inajaza reli kama bakuli na kumwagikia ndani. Zaidi ya hapo, vyuma vya madirisha ya zamani ni vinene kuliko hivi vinavyochomelewa barabarani leo. Nimefungua fremu nyingi za umri huo. Kwenye nyingi kutu imekula pembe ya chini tu, na pembe tatu zilizobaki ziko kama zilivyotoka kiwandani.

Mimi ningekushauri ung'oe endapo tu utakuta fremu imeliwa mpaka ikakatika sehemu mbili au zaidi, au ukuta wenyewe umeshuka na fremu imepinda kiasi cha bawa kutokaa hata likikwanguliwa. Dirisha moja likiwa hivyo, badilisha hilo moja.

Kama mtaongeza wavu wa mbu, na Tororo mnauhitaji, kumbuka mabawa yenu yanafungukia nje, kwa hiyo wavu uwe ndani, kwenye fremu nyepesi inayofunguka ili mkono ufikie komeo. Nunua wa faibaglasi au alumini. Na vyuma vya wezi: chumba cha watoto kiwe na kipande kimoja chenye bawaba na kufuli inayofunguliwa kwa ndani, ufunguo ukae mahali wote wanapajua, mbali na mkono wa aliye nje. Moto ukishika mlangoni, hilo dirisha ndilo mlango.

Ukienda kupatana na fundi, usimlipe kwa idadi ya vioo. Mpe dirisha la sebuleni peke yake kwanza, nusu ya pesa atakapokuonyesha chuma kimeng'aa kabla hakijapakwa red oksaidi, nusu nyingine baada ya mvua kubwa ya kwanza. Akikataa sharti hilo la chuma kung'aa, tafuta mwingine, wapo. La jikoni lifuate, kwa sababu ubao hausubiri kama chuma. La watoto unaweza kulifanya mwenyewe Jumamosi moja, na kikwangulio, kopo la maji na redio.

Ukishatoa kioo cha sebuleni, kitazame ukingo wake wa chini kabla hujakitupa. Ukiona mstari wa kahawia umegandamana nao, niandikie uniambie una urefu gani, nikwambie kama vioo viwili vya jirani navyo vitolewe sasa au vinaweza kusubiri Desemba ijayo.